Kuchagua teknolojia ya tabianchi katika shehia: visima vya chumvi vya pwani ya Pemba

Nchi nyingi zinazoendelea hutathmini mahitaji yao ya teknolojia ya tabianchi kwa utaratibu unaosimamiwa na UNEP, shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira: kupanga vipaumbele, kuchambua vikwazo, kisha kuandika mpango wa utekelezaji. Kamati ya shehia, eneo dogo la utawala Zanzibar, inaweza kuufuata vilevile. Mfano wetu ni visima vinavyoingia chumvi, maana hapo kifaa kilichochaguliwa vibaya huzidisha madhara.

Msianze na kifaa. Pimeni chumvi ya kila kisima mwezi wa Februari, kiangazi kikiwa kikali, na tena Juni baada ya masika. Kila mara pimeni siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, maji yakijaa na yakipwa. Kipimo cha Juni peke yake hudanganya, kwa sababu mvua imeshajaza maji matamu. Maji yenye chumvichumvi zaidi ya miligramu 1,000 kwa lita watu huanza kuyakataa. Andikeni pia usawa wa maji kisimani kabla na baada ya kuvuta.

Usawa huo ndio wenye siri. Chini ya kisiwa, maji matamu huelea juu ya maji ya bahari: kila mita 1 iliyo juu ya usawa wa bahari hubeba takriban mita 40 za maji matamu chini yake. Usawa ukishuka nusu mita na kubaki hivyo, chumvi inaweza kupanda hadi mita 20. Pampu kubwa ya sola haina bili, basi watu huvuta mchana kutwa, na kisima huharibika. Kwa hiyo njia ya kwanza ni pampu ndogo inayojaza tangi polepole, ni salama zaidi.

Njia ya pili ni maji ya mvua. Zidisheni eneo la paa la bati kwa milimita za mvua, kisha toeni asilimia 20 inayopotea. Paa la mita za mraba 50 likipata milimita 75 hutoa lita 3,000. Watu 6 wakitumia lita 5 kila mmoja kwa kunywa na kupikia, siku 90 za kiangazi zinahitaji lita 2,700, kwa hiyo tangi la lita 3,000 linatosha. Lita 25 za mwanzo za kila mvua zimwagwe, zimebeba vumbi na kinyesi cha ndege. Paa la makuti halifai.

Ya tatu ni mashine ya kuchuja chumvi. Inahitaji umeme, vichujio vya kubadilisha na mahali pa kumwaga maji ya chumvi kali yanayobaki.

Kabla ya kutoa alama, kubalianeni uzito wa vigezo. Ukipangwa baada ya alama kuonekana, kila mtu huuvutia kwenye kifaa anachokitaka. Tuseme uhakika wa maji kiangazi upewe 35, gharama ya miaka 10 ipewe 25, matengenezo 25, usalama wa kisima 15. Katika kila kigezo njia iliyo bora ipate 100, iliyo duni 0. Gharama hugeuzwa: yenye gharama ndogo kuliko zote ndiyo hupata 100. Mashine ikipata 100 kwa uhakika, 0 kwa gharama na matengenezo, na 40 kwa usalama, jumla yake ni 41 tu. Kisha badilisheni uzito kwa pointi 10. Mshindi akibadilika, rudini kwenye vipimo, msipige kura.

Katika vikwazo, jibu la kwanza huwa "watu hawataki kulipa". Ulizeni kwa nini, mara nyingi mtafika kwenye kipuri kisichopatikana Chake Chake au fedha zisizo na mtunzaji.

Mazingira si jambo la Muungano, hivyo mpango upitie wilayani kuelekea Ofisi ya Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, na uonyeshe unavyoshabihiana na Mkakati wa Mabadiliko ya Tabianchi wa Zanzibar wa 2014. Kila mstari utaje kazi, mhusika, mwezi, fedha na ushahidi, kwa mfano: kusafisha mifereji ya paa, fundi wa shehia, Februari, mfuko wa maji, daftari lililosainiwa na sheha.