Jinsi ya Kupanga Siku Tatu za Kuitembelea Bangkok

Kazi yangu ni kuandaa safari za watu wanaotoka Dar es Salaam na Zanzibar kwenda Bangkok, mji mkuu wa Thailand. Wengi wao ni wafanyabiashara wa nguo wanaofuata mzigo katika eneo la Pratunam, na wakishamaliza manunuzi hutamani kubaki siku mbili tatu ili wauone mji wenyewe. Karibu kila mmoja huniletea orodha ndefu ya mahekalu na masoko yaliyotawanyika pande zote za mji, na kila mara nalazimika kuipunguza. Foleni ya Bangkok inaweza kumla mgeni nusu ya siku akiwa amekaa ndani ya teksi, ilhali mji huo huo una mto na treni za juu ambazo foleni haizigusi. Kwa hiyo katika mwongozo huu kila siku inafuata njia moja ya usafiri, na kivutio kilicho mbali na njia hiyo, hata kiwe maarufu namna gani, kinasubiri safari nyingine.

Hatua ya kwanza: Chagua tarehe

Miezi ya Novemba hadi Februari ndiyo yenye nafuu, kwa kuwa mvua zimekwisha na joto limepungua. Aprili ni mwezi wa joto kali, na tarehe 13 hadi 15 za mwezi huo ni sikukuu ya mwaka mpya wa Kithai iitwayo Songkran, ambapo watu humwagiana maji barabarani na maduka mengi hufungwa. Kuanzia takribani Mei hadi Oktoba mvua hunyesha, mara nyingi kwa kishindo nyakati za alasiri, na barabara nyingine hujaa maji.

Hakikisha pia kwamba siku zako tatu zinaishia Jumamosi au Jumapili, kwa sababu soko la Chatuchak, ambalo nimeliwekea siku ya tatu, hufunguliwa lote siku hizo mbili tu. Mimi hupenda mgeni afike Alhamisi, atembee Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, kisha aondoke Jumatatu.

Hatua ya pili: Kamilisha nyaraka mapema

Hapa ndipo nilipowaona watu wakipoteza safari nzima, hivyo naomba usome polepole. Pasipoti iwe na uhai wa miezi sita au zaidi. Maombi ya viza hufanywa mtandaoni kupitia tovuti rasmi ya serikali ya Thailand, na ubalozi unaowahudumia Watanzania na Wakenya uko Nairobi. Usilipe tiketi ya ndege isiyorejesheka kabla viza haijatoka.

Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zote zimo katika orodha ya nchi ambazo wasafiri wake hutakiwa kuonyesha cheti cha chanjo ya homa ya manjano wanapoingia Thailand. Chanjo iwe imechomwa si chini ya siku 10 kabla ya safari. Mteja wangu mmoja alichanjwa siku nne kabla ya kuondoka, akidhani kwamba kadi ya manjano ndiyo inayotazamwa na tarehe haina uzito, na ikambidi asogeze safari na kulipia mabadiliko ya tiketi. Cheti kibebwe mkononi, kwani ukaguzi wa afya hufanyika kabla hujafika dirisha la uhamiaji na kabla hujaliona begi lako kubwa.

Tangu tarehe 1 Mei 2025 kila mgeni hujaza pia fomu ya kidijitali ya kuwasili ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Fomu hiyo ni ya bure. Ukiona tovuti inakudai dola kwa ajili yake, ujue umepotea njia, ufunge ukurasa na kuitafuta ile ya idara ya uhamiaji ya Thailand.

Hatua ya tatu: Chagua malazi karibu na reli

Wageni wengi huchagua hoteli kwa bei au kwa picha za bwawa la kuogelea. Mimi huanza na kituo cha treni. Ndege nyingi zitokazo kwetu kupitia Addis Ababa, Doha au Dubai hutua katika uwanja wa Suvarnabhumi, na kutoka hapo treni ya uwanja wa ndege huenda moja kwa moja hadi kituo cha Phaya Thai kwa nauli isiyozidi baht 45 (baht ni fedha ya Thailand). Phaya Thai imeungana na treni ya juu ya mjini iitwayo BTS, iliyoanza kazi mwaka 1999. Ukilala kati ya Phaya Thai na kituo kinachofuata cha Ratchathewi, unaweza kufika hotelini bila kupanda gari hata moja, na Pratunam yenyewe utaifikia kwa miguu.

Kwa msafiri Mwislamu eneo hilo lina faida nyingine. Katika kichochoro cha Phetchaburi namba 7, karibu na Ratchathewi, upo msikiti wa Darul Aman, na kichochoro chote kimejaa wapishi wa chakula cha halali, kuanzia wali wa biriani hadi supu ya mkia wa ng'ombe. Mtu aliyeingia mjini kachoka, asiyejua kusoma herufi za Kithai, hutulia sana akijua mahali pa kula na kuswali pako dakika chache kutoka chumbani kwake.

Hatua ya nne: Fedha na saa

Badilisha shilingi kuwa dola ukiwa bado nyumbani, na uchague noti safi za dola 100, kwa kuwa maduka ya fedha ya Bangkok huzipa noti kubwa kiwango bora kuliko ndogo. Badilisha kidogo uwanjani na kiasi kilichobaki mjini. Mashine za benki hukata ada ya baht 220 au zaidi kila unapotoa fedha kwa kadi ya nje, hivyo ukilazimika kuzitumia toa kiasi kikubwa kwa mara moja.

Saa za Bangkok ziko mbele ya zetu kwa saa nne. Ikulu Kuu, kivutio cha siku ya kwanza, inapofungua milango saa mbili na nusu asubuhi, mwili wako utakuwa ungali katika saa kumi na nusu alfajiri ya Dar es Salaam. Ndiyo maana siku ya kuwasili siiwekei kivutio chochote. Jambo linalonifurahisha kila mara ni kwamba Wathai nao, katika mazungumzo ya kawaida, huhesabu saa za usiku kama sisi: saa ambayo Mzungu huiita ya nane jioni, Mthai huiita ya pili usiku. Tiketi na ratiba, hata hivyo, huandikwa kwa saa 24, kwa hiyo zisome kwa uangalifu.

Hatua ya tano: Siku ya kwanza ni ya mto

Panda BTS Ratchathewi, badilisha treni kituo cha Siam, ushukie Saphan Taksin. Chini ya kituo kuna gati la Sathorn. Wauzaji wa tiketi za boti za watalii watakuita kwanza, lakini wewe tafuta boti yenye bendera ya rangi ya machungwa, ambayo ndiyo wanayopanda wenyeji, na ambayo wakati ninapoandika nauli yake ni baht 16. Boti hupanda mto Chao Phraya kwa takribani nusu saa hadi gati la Tha Chang. Simama upande wa kushoto ukiweza, kwani huko ndiko utakakouona mnara wa hekalu la Wat Arun ukijitokeza.

Kutoka Tha Chang ni mwendo mfupi hadi Ikulu Kuu. Ili uielewe, kumbuka kwamba mji mkuu wa kale, Ayutthaya, uliteketezwa na majeshi ya Burma mwaka 1767, na baada ya miaka michache ya makao ya muda huko Thonburi, ng'ambo ya mto, mfalme Rama wa Kwanza alihamia ukingo huu wa mashariki mwaka 1782 na kuanza kujenga. Matofali ya magofu ya Ayutthaya yaliteremshwa kwa mto yakatumika tena hapa. Kwa hiyo kuta unazozitazama zilijengwa na watu waliokusudia kuurudisha mji waliounyang'anywa. Ndani ya eneo hilo limo hekalu la Wat Phra Kaew lenye sanamu ya Buddha iitwayo ya zumaridi, ambayo kwa kweli imechongwa kwa jiwe la yedi la kijani, na urefu wake ni sentimita 66 tu. Mavazi yake ya dhahabu hubadilishwa mara tatu kwa mwaka kufuata misimu, na kazi hiyo ni ya mfalme mwenyewe.

Kiingilio ni baht 500, na tiketi huuzwa hadi saa tisa na nusu alasiri. Mabega na magoti yafunikwe. Shati lenye mikono na suruali ndefu au sketi ndefu vinatosha, na kanzu au baibui halina tatizo, lakini kujitanda kanga juu ya blauzi isiyo na mikono kunaweza kukataliwa mlangoni.

Nje ya kuta utakutana na mtu nadhifu, mpole, anayezungumza Kiingereza kizuri, atakayekuambia kwamba ikulu imefungwa leo kwa sababu ya sherehe, na kwamba bajaji yake au ya rafiki yake itakuzungusha mahekalu mengine kwa baht 20. Safari hiyo huishia katika duka la vito. Mwaka mmoja mama mmoja niliyemwandalia safari alinunua huko mkufu aliohakikishiwa kuwa ni wa yakuti, na alipoupeleka kwa sonara nyumbani akaambiwa ni vioo. Aliulipia fedha za mzigo wake, na mpaka leo naumia nikikumbuka kwamba sikumwonya vya kutosha. Basi nenda hadi langoni ujionee mwenyewe kama pamefungwa, na usinunue jiwe lolote katika safari fupi, hata uambiwe ni tanzanaiti ya Mererani.

Ukitoka ikulu tembea kuelekea kusini hadi hekalu la Wat Pho, kiingilio baht 300. Humo amelazwa Buddha mwenye urefu wa mita 46, na nyayo zake zimenakshiwa kwa lulumizi alama 108. Watu wengi humpiga picha na kuondoka. Nakushauri ukae. Nyuma ya jengo hilo kuna nyua tulivu zenye mabamba ya mawe yaliyochongwa elimu ya tiba na fasihi, na hekalu hili ndilo chuo mashuhuri cha ukandaji wa Kithai; miguu iliyosimama tangu asubuhi itakushukuru.

Baada ya hapo vuka barabara hadi gati la Tha Tien, ambako kivuko cha baht chache hukupeleka ng'ambo kwenye Wat Arun, kiingilio baht 200. Mnara wake, unaozidi mita 60, umepambwa kwa vipande vya sahani na bakuli za kauri za Kichina, na ukiusogelea utaona maua yaliyotengenezwa kwa vigae vya vyombo ambavyo zamani vilitumika mezani. Rudi Tha Tien machweo, utembee hadi kituo cha treni ya chini ya ardhi cha Sanam Chai. Kituo cha pili, Wat Mangkon, kinakutoa katika mtaa wa Wachina wa Yaowarat wakati majiko ya barabarani yanapowashwa. Viingilio vya siku nzima vimefika baht 1,000, na hujakaa kwenye foleni hata dakika moja.

Hatua ya sita: Siku ya pili

Asubuhi shuka BTS kituo cha National Stadium, utembelee nyumba ya Jim Thompson, Mmarekani aliyeieneza hariri ya Kithai duniani baada ya Vita vya Pili na ambaye alitoweka huko Malaysia mwaka 1967 asionekane tena. Nyumba ni nzuri, lakini mimi humtaka mgeni avuke mfereji wa Saen Saep ulio nyuma yake. Upande wa pili ni Ban Krua, mtaa wa Waislamu wa kabila la Cham, ambao mababu zao ndio waliofuma hariri hiyo. Vichochoro ni vyembamba na watu wanaishi humo. Salimia, na uombe ruhusa kabla ya kupiga picha.

Alasiri nenda kwa treni ya chini ya ardhi hadi Hua Lamphong, ukaone Wat Traimit. Buddha wake ana dhahabu ya uzito wa tani 5.5, na kwa muda mrefu alifunikwa kwa plasta kiasi kwamba hakuna aliyejua kilichomo, hadi mwaka 1955 plasta ilipopasuka sanamu ilipokuwa ikihamishwa. Katika kila hekalu vua viatu, usielekeze nyayo zako kwa sanamu, na mwanamke asimguse mtawa wala asimpe kitu mkononi. Usimseme vibaya mfalme au familia yake, hata kwa utani, kwani sheria ya huko inaweza kukupa kifungo cha miaka mingi.

Hatua ya saba: Siku ya tatu na kurudi

Fika Chatuchak, kituo cha Mo Chit, kabla ya saa nne asubuhi. Soko lina maelfu ya vibanda, na baada ya saa sita joto chini ya mabati halivumiliki. Ukikipenda kitu kinunue papo hapo, kwa sababu kukirudia kibanda kile kile ni kazi ngumu. Sanamu za Buddha zisinunuliwe ovyo, maana kuzitoa nchini kunahitaji kibali.

Ukiwa umenunua madukani bidhaa za baht 2,000 au zaidi katika duka moja kwa siku moja, omba fomu ya kurejeshewa kodi ukiwa na pasipoti. Fomu na bidhaa, zikihitaji kukaguliwa, zionyeshwe kwa forodha uwanjani kabla ya kukabidhi mabegi. Usikubali kumbebea mtu yeyote kifurushi, hata awe jirani mliyekutana naye Pratunam. Treni ya uwanja wa ndege huanza saa kumi na moja na nusu alfajiri na kumaliza saa sita usiku. Kama ndege yako inakulazimu kwenda uwanjani nje ya saa hizo, agiza gari usiku uliotangulia na upatane bei kabisa kabla ya kulala.