Deki ya CD imezeeka: uitengeneze, uiongezee DAC (kifaa kinachogeuza namba za diski kuwa sauti) au ununue nyingine?

Deki ya miaka ishirini au thelathini ikianza kurukaruka, usikimbilie dukani. Kiwango cha CD ni kilekile tangu 1980: biti 16, sampuli 44,100 kwa sekunde. Deki mpya itasoma namba zilezile kwenye diski ileile. Kinachochoka mapema ni leza, mota, mikanda na grisi, na mengi ya hayo hurekebishika. Chunguza usomaji kwanza, sauti baadaye.

Hatua ya 1: Jaribu diski tatu

Tafuta diski ya kiwandani isiyo na mikwaruzo, CD-R uliyochoma mwenyewe, na diski ndefu ya dakika 70 au zaidi. CD-RW (ile inayofutika na kuchomwa upya) iache, deki nyingi za zamani hazikuundwa kuisoma.

Ikiisoma ya kiwandani lakini ikaikataa CD-R, lenzi ina vumbi au leza imedhoofika, kwa sababu CD-R hairudishi mwanga mwingi kama ile nyingine. Ikianza vizuri halafu ikaruka nyimbo za mwisho, angalia reli: CD husomwa kutoka katikati kwenda nje, na grisi iliyokauka huikwamisha leza njiani. Ikisumbua nyimbo za kwanza tu, shuku mota. Hapo katikati diski huzunguka kama mara 500 kwa dakika, kisha hushuka hadi 200 hivi pembeni. Trei ikigoma kutoka, mara nyingi ni mkanda wa mpira uliolegea, na bei yake ni ndogo.

Hatua ya 2: Safisha

Chomoa waya wa umeme, fungua kifuniko. Lowesha kijiti cha pamba kwa tone moja la spiriti ya isopropili ya asilimia 99, ufute lenzi taratibu kwa mzunguko mdogo. Usiikandamize, imeshikiliwa na nyaya nyembamba kama unywele. Subiri dakika tano ikauke. Futa grisi ya zamani kwenye reli, paka mpya nyembamba sana. Usiwashe deki ikiwa wazi ukachungulia lenzi: mwanga wa leza hii, nanomita 780, karibu hauonekani, lakini huumiza jicho.

Kuna skrubu ndogo ubavuni mwa leza inayoongeza nguvu yake. Fundi akitaka kuizungusha ili "iamke", mkatalie. Itasoma kwa muda, kisha itakufa kabisa.

Hatua ya 3: Ulizia leza

Usafi usiposaidia, geuza kifaa cha leza usome namba yake. KSS-213 ya Sony, kwa mfano, imetumika kwenye deki za chapa nyingi na bado hupatikana. Mpya huja na tone la lehemu linalounganisha nukta mbili ili umeme tuli usiiunguze. Chomeka kwanza utepe wa waya, ndipo uliondoe tone hilo. Likisahaulika, leza haiwaki, na wengi hudhani wameuziwa mbovu. Kwa deki za Philips zenye CDM (leza yao iliyo kwenye mkono unaozunguka), kiwanda kiliacha kutengeneza zamani. Ukikosa iliyo nzima, hapo ndipo pa kubadilisha deki.

Hatua ya 4: Pima sauti kwa haki

Deki ikisoma vizuri na ina tundu la dijitali nyuma, la koaksia au la optiki, unaweza kuongeza DAC ya nje badala ya kununua deki. Ila linganisha kwa kipimo deki peke yake na deki ikipitia DAC. Choma sauti ya Hz 100 kwenye CD-R, weka mita ya volti za AC kwenye vituo vya spika, ongeza sauti hadi isome volti 1, uweke alama kwenye kitufe cha amplifaya. Hamia chanzo cha pili, rekebisha hadi isome kati ya 0.99 na 1.01, uweke alama nyingine. Kimoja kikitoa volti 2.3 na kingine 2.0, sikio litakipenda chenye sauti ya juu zaidi hata kama hakina ubora wowote wa ziada. Mwombe mtu abadilishe bila kukuambia, angalau mara kumi. Ukishindwa kuvitofautisha, hela yako ipeleke kwenye spika.

Hatua ya 5: Ukiamua kununua ya mtumba

Soma kibandiko cha nyuma kabla ya kuchomeka. Deki zilizotengenezwa kwa soko la Japani huandikwa AC 100V. Kwenye umeme wetu wa 230 au 240 transfoma inaweza kuungua papo hapo, hivyo jumlisha bei ya transfoma ya kushusha umeme. Nenda dukani na zile diski tatu, uicheze ile ndefu mpaka wimbo wa mwisho deki ikiwa imeshapata moto.