Somo: Kumcheza mtoto jukwaani, na kumpeleka kwa hadhira tofauti

Onyesho langu la kwanza la mtoto lilikufa dakika ya tatu. Tulikuwa kwenye uwanja wa shule ya msingi, darasa la saba wamekaa mbele kwenye nyasi, mimi nimevaa kaptura fupi na nimebana sauti mpaka inatoka kama filimbi. Kimya. Kisha mvulana wa mstari wa pili akaniuliza kwa huruma kabisa, "Anko, koo linakuuma?" Waliocheka ni walimu.

Sasa ni zaidi ya miaka 10 namcheza mtoto yuleyule. Anaitwa Kitinda, kwa kuwa ni kitindamimba, na ana miaka 5. Mimi nina 41 na magoti yameanza kudai. Kosa la siku ile nililielewa polepole: nilidhani utoto uko kooni. Utoto uko katika namna unavyomtazama mkubwa. Huwi mtoto peke yako. Unakuwa mtoto mbele ya mtu. Hatua zote za somo hili zimejengwa juu ya hilo.

Hatua ya 1: Chagua umri, kisha kaa barazani

"Mtoto" si mhusika. Wa miaka 3 na wa miaka 8 wametofautiana kuliko mtu wa 40 na wa 60. Chagua mwaka mmoja, uandike, halafu nenda wanakocheza. Mimi nilikaa wiki mbili barazani kwa dada yangu nikitazama rede, kombolela na kujipikilisha. Usiwarekodi watoto wa watu bila wazazi wao kukubali, daftari linatosha.

Nilichokiona kilinitoa jasho. Mtoto anayekoroga mchanga kwenye kifuu haigizi kupika. Anapika. Ukipita juu ya "jiko" lake analia kilio cha mtu aliyeunguliwa nyumba. Sisi waigizaji tunaruka, tunachekacheka, tunanyonya kidole, tukidhani huo ndio utoto, kumbe mtoto mwenyewe ana shughuli zake na hana muda wa kuwa mtoto.

Hatua ya 2: Mwili na maleba

Kichwa cha mtoto mchanga ni kama robo ya urefu wake wote. Cha mtu mzima ni kama sehemu moja ya nane. Wa miaka 5 yuko kati ya hapo. Kichwa huwezi kukikuza, ila unaweza kukibeba kama kizito: ukitaka kutazama kando, geuka mwili mzima. Tumbo litangulie. Kanyaga kwa unyayo mzima. Kikombe shika kwa mikono miwili.

Kuna ujanja mmoja unaopita yote hayo. Mwambie mwenzako akutazame kifuani, kama vile uso wako uko pale. Wewe mtazame juu ya paji la uso, usawa wa nywele. Hadhira itakupunguza urefu yenyewe, hata kama mwenzako unamzidi kichwa kizima.

Kwenye maleba, yaani mavazi ya mchezo, usivae nguo ndogo. Mtu mzima aliyebanwa na kaptura anaonekana kikaragosi tu. Vaa kubwa. Kila aliyesoma shule zetu analijua sweta la Januari, lile mzazi alilonunua kwa hesabu ya "atakulia humo", mikono inafunika vidole. Kitinda anavaa hilo, na kandambili mbili, moja yake na nyingine ya kaka yake. Basi.

Na hapa niseme kwa ukali kidogo. Mdomo wazi, udenda, macho ya kupinduka: huyo si mtoto, hapo unamkejeli mtu mwenye ulemavu wa akili, na ukumbini huenda yumo mzazi wake. Ondoa vyote.

Hatua ya 3: Mpe jambo moja analolitaka

Kitinda anataka kubeba sinia la maandazi kuwapelekea wageni, yeye mwenyewe, bila kusaidiwa. Kisa chote ni hicho, na kinanipa dakika 20. Kila mkubwa akimwambia "utamwaga", anatafuta njia mpya ya kuonyesha kwamba hamwagi. Jambo likiwa dogo kwa wakubwa na kubwa kwake, kicheko kinakuja bila kukifuata.

Hatua ya 4: Sauti, mwisho kabisa

Tumia sauti yako. Kubana koo kunaumiza wewe na kunachosha masikio yao. Badilisha pumzi: mtoto huanza sentensi kabla hajavuta hewa, inamwishia katikati, anavuta kwa kelele, anaendelea na "halafu... halafu... eti..." Fanya mazoezi ya kusimulia safari ya sokoni hivyo, mpaka uhisi kizunguzungu kidogo.

Tahadhari kuhusu kubadili r na l. Wengi hukimbilia hapo. Lakini ukimfanya mtoto wako aseme "kalibu" Mwanza, watu hawatasikia mtoto. Watasikia unamcheka Msukuma, ambaye lugha yake haina r. Kwa Wakikuyu na Wakurya nako utakanyaga mguu wa mtu. Mimi niliacha kabisa.

Hatua ya 5: Shikamoo

Chombo changu kikubwa kuliko vyote nilikitoa nyumbani. Kitinda anaingia, anaiona hadhira, anashtushwa na wingi wao. Kimya kidogo. "Shikamoo."

Watu 200 wanajibu "Marahaba" bila kufikiri, kwa kuwa mdomo umeshazoea. Papo hapo kazi imekwisha: wao wakubwa, mimi mdogo, na hakuna aliyewaomba waamini lolote. Kisha Kitinda anakumbuka kwamba kwao kusalimia kwa jumla ni utovu wa adabu. Anaanza upya, mmoja mmoja. Shikamoo babu. Shikamoo bibi. Shikamoo mjomba. Akifika kwa kijana wa miaka kama 18 anasimama, anamkagua kidevu, haoni ndevu. Anamruka. Ukumbi unavunjika, nami sijafanya kichekesho chochote.

Mkiwa na mazoezi ya kikundi, jaribuni hili kabla ya neno lolote la mchezo. Mwigizaji asiyeweza kupata "marahaba" ya kweli kutoka kwa wenzake bado hajawa mtoto, hata akiwa na sweta.

Hatua ya 6: Leo mkubwa ni nani?

Zaidi ya umri kidogo, Kitinda habadiliki kila ninapokwenda. Ninachouliza ni nani mkubwa katika watu hawa.

Chekechea mpaka darasa la tatu, wakubwa ni wao. Hapo nampunguza Kitinda awe na miaka 3, maana mhusika anapaswa kuwa chini ya hadhira kwa miaka miwili au zaidi. Ukicheza umri wao wanakuona muongo. Ukicheza chini yao wanakulea. Anampa shikamoo mtoto wa darasa la kwanza. Yule anaganda, halafu anajibu "marahaba" kwa sauti nzito ya baba yake, na wenzake wanagaragara chini. Kisha Kitinda anahesabu maandazi: moja, mbili, tano. "Hapanaaa!" Kuanzia hapo onyesho ni lao. Cheza mchana, chini ya mwembe, nusu saa tu. Kabla ya kuanza zungumza na mwalimu, umwambie kelele zimo ndani ya mchezo, ili asiinuke na fimbo kunyamazisha watu. Na wale wa chekechea usiwakimbilie. Kaa chini, mbali, waje wao. Nimewahi kumliza mtoto kwa kumpakata ghafla, na kilio kimoja huambukiza darasa zima.

Darasa la saba na sekondari ndio wagumu. Wametoka utotoni juzi na hawataki kurudishwa. Kwao Kitinda ni mdogo mtu anayechungulia: ameona dada anaandika nini kwenye simu, amesikia kaka akiomba nauli mara mbili kwa safari moja. Wanakuwa wakubwa wenye siri, na kicheko chao kina woga ndani yake. Kizuri sana.

Harusi na sendofu: dakika 8, kabla ya chakula, na MC ajue mapema. Sinia likishatua mezani huna hadhira tena. Kitinda huwauliza wazee wa mahari: "Ng'ombe waliingiaje kwenye bahasha?" Kuna wenyeji watakaokuomba uweke "ya kikubwa kidogo". Kataa. Mtoto anaweza kurudia aliyosikia kuhusu deni la mjomba; mambo ya chumbani hayatoki kinywani mwa mtoto, hata kama mtoto huyo ana ndevu. Nimewahi kurudisha malipo ya awali kwa ajili hiyo na sijutii.

Mikutano ya kijiji inataka unyenyekevu zaidi. Tuna urithi mzuri wa sanaa za maonyesho kwa maendeleo, yaani michezo inayowafanya watu wazungumzie matatizo yao, kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa walimu wake kina Penina Mlama na Amandina Lihamba. Mradi wa Tuseme, ulioanza 1996, uliwapa wasichana wa sekondari jukwaa la kusema matatizo yao wenyewe. Nilichochukua huko ni kwamba Kitinda hahubiri. Anauliza, halafu ananyamaza. "Mbona chandarua kimefunika kuku?" Acha wajibizane wenyewe. Uliza pia mwenyeji nani asalimiwe kwanza. Siku moja nilianza na kina mama walioketi mkekani karibu yangu, na wazee wa vitini wakanuna mpaka mwisho.

Kwenye jukwaa kubwa, kama lile la TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, wakati wa tamasha, nusu ya watu wanaweza kuwa wageni wasiojua Kiswahili. Napunguza maneno na kukuza sinia. Shikamoo inabaki: wenyeji wanaitikia, wageni wanageuka kushangaa, na Kitinda, aliyekasirika kwa kutojibiwa, anashuka kuwafundisha.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, Kisumu: Nafundisha kikundi cha tamasha la drama la shule. Msichana wa miaka 16 anacheza wa miaka 6. Huku kwetu shikamoo haina nguvu hiyo, watu hujibu kwa aibu tu.

Jibu: Kweli, mwalimu, huko Kenya ukitoka pwani inapoa. Tafuta kitendo kinachofanya kazi hiyohiyo huko kwenu. Jaribu darasa: binti anainua mkono, analiza vidole, "Mwalimu! Mimi, mwalimu!", makalio yameshaacha dawati, na anapochaguliwa amesahau jibu. Kila mtu ukumbini amewahi kuwa mwalimu au mwanafunzi wa hapo. Mtazamishe juu kuelekea safu za nyuma, asitazame waamuzi.

Mwanachama, Tanga: Mimi ni mama wa miaka 50, mwili ni mkubwa. Wenzangu wananipa nafasi za bibi tu. Naweza kumcheza mtoto?

Jibu: Shikamoo mama. Unaweza. Roberto Gómez Bolaños wa Mexico alizaliwa 1929, na alianza kumcheza mvulana wa miaka 8 kwenye televisheni mwanzoni mwa miaka ya 1970, akiwa ameshavuka 40. Mwili mkubwa unasaidia, kwa kuwa kila ukitazama juu kwa unyenyekevu pengo linaonekana zaidi. Usiufiche wala usiufanyie mzaha. Magoti tu, weka kitambaa kinene ndani ya suruali.

Mwanachama, Arusha: Mlevi harusini alinijibu matusi nilipompa shikamoo. Nikatoka kwenye uhusika, nikamjibu. Ukumbi ukapoa.

Jibu: Ulipomjibu ulikua ghafla, nao wakampoteza mtoto. Mtoto akitukanwa na mkubwa hufanya nini? Huenda kushtaki. Geuka kwa bibi wa meza ya mbele: "Bibi, yule anko kasema neno baya." Bibi atakumalizia kazi. Sijawahi kuona mlevi aliyemshinda bibi.

Kikundi cha vijijini, Mtwara: Tunacheza mchezo kuhusu ukatili kwa watoto. Baada ya onyesho mtoto mmoja alimfuata mwigizaji wetu akamwambia mambo mazito. Hakujua afanye nini.

Jibu: Hapa si suala la uigizaji tena. Mwigizaji avue sweta kwanza, azungumze naye akiwa mtu mzima, mahali panapoonekana na watu lakini maneno hayasikiki. Asikilize, asimhoji kama polisi, asimwahidi kutunza siri. Mpelekeeni taarifa afisa ustawi wa jamii siku hiyohiyo; namba ya bure ya msaada kwa mtoto ni 116. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mwanajamii anayejua mtoto anaumizwa atoe taarifa. Onyesho lijalo, mjue jina na simu ya afisa huyo kabla hamjatandika mkeka. Na tukio hilo lisiingie kwenye mchezo wenu, hata kwa kubadilisha majina.

Mwanachama, Muscat: Watoto wa huku wanasikia Kiswahili cha bibi zao tu, kucheza nacho hawawezi. Nianzie wapi?

Jibu: Anzia kwa hao bibi. Waite wakae nyuma ya watoto. Kitinda wako aingie na "Paukwa!" Watoto watanyamaza, bibi watajibu "Pakawa!" kutoka nyuma, na watoto watageuka kutazama nani amesema. Rudia mara tatu. Mara ya nne usiseme kitu, fungua mdomo tu na ungoje.