Jinsi ya kujua kama kilugha cha kwenu bado kinapumua

Usianze kuhesabu wazee, anza na watoto. Mwaka 2003 wataalamu wa UNESCO waliweka vigezo 9 na cha kwanza ndo hicho hicho, lugha inapita toka kwa mzazi kwenda kwa mtoto au imeishia kwa bibi. Nenda Mwaloni, lile soko la samaki pale Kirumba Mwanza, asubuhi dagaa zikishushwa, tega sikio: bei utasikia Kiswahili, ila wakianza kutaniana au kugombana ndo Kisukuma, Kijita na Kikerewe vinatoka vyenyewe. Afu rudi home msalimie dogo "mwangaluka" (salamu ya asubuhi ya Kisukuma) uone, wangu alinijibu "marahaba" (eti!) akaendelea na katuni zake, hapo ujue kazi ipo.

Kisukuma kina wasemaji wengi kuliko kilugha chochote Tanzania lakini wingi haukusaidii kama ndani kwako ni Kiswahili tupu na shule nako Kiswahili na Kiingereza. Mi nimechagua muda mmoja tu, wa msosi, anayetaka mboga aombe kwa Kisukuma, siku ya kwanza walinuna balaa, bibi yao kwenye simu akacheka mpaka basi. Likizo wapeleke kijijini mwezi mzima, wikiendi haitoshi.