Somo: Kusoma pembetatu ya chuma, arseniki na salfa

Wakuu, wengi mnaoleta mawe kutoka Geita, Misungwi na Sengerema huniuliza humo kuna madini gani. Mimi hutaka kwanza kujua yapi yamegusana na yapi, na pembetatu hii huonyesha yapi yanaweza kukaa pamoja. Chukueni karatasi.

Hatua ya 1. Chora pembetatu ya pande sawa: chuma (Fe) juu, salfa (S) kushoto, arseniki (As) kulia.

Hatua ya 2. Panga madini kwa idadi ya atomu. Pairaiti (FeS2) hukaa ukingo wa kushoto, theluthi mbili ya njia kutoka chuma kwenda salfa. Lolingaiti (FeAs2) vivyo hivyo, upande wa arseniki. Pirotaiti, yenye chuma na salfa karibu sawa kwa sawa, iko karibu na nusu ya ukingo wa kushoto. Arsenopairaiti (FeAsS) ina atomu moja moja ya kila kimoja, basi iko katikati kabisa.

Hatua ya 3. Piga mstari kutoka pairaiti hadi lolingaiti. Umepita juu ya arsenopairaiti, na hapo ndipo penye utamu. Pairaiti na lolingaiti hayakai pamoja kwa utulivu; yakikutana, huzaa arsenopairaiti. Ukiyaona yamegusana kwenye hadubini, ujue jiwe halikufikia msawazo, yaani madini yake hayakumaliza kubadilishana. Fuwele nazo zinakubaliana na mstari huo: kwenye pairaiti atomu za salfa zimeshikana mbilimbili, kwenye lolingaiti zimeshikana za arseniki, na kwenye arsenopairaiti kila jozi ni salfa na arseniki.

Hatua ya 4. Pandisha joto. Kwenye nyuzi 491 za Selsiasi, pairaiti na arsenopairaiti huachana: hutokea pirotaiti na kimiminika cha arseniki na salfa. Kwenye 702, arsenopairaiti yenyewe huvunjika. Hizo ni namba za maabara, chombo kikiwa kimezibwa. Presha ikiongezeka, nazo husogea.

MASWALI

– Mkuu, jiwe langu ni jeupe kama fedha, nikiligonga linanuka kitunguu saumu. Nilichome?

Usithubutu! Pembetatu yetu haina oksijeni. Ukichoma hewani, arseniki hutoka kama moshi mweupe wa As2O3, na ni sumu kali.

– Plenti (kiwanda cha kuchenjua dhahabu) wanasema dhahabu yangu haitoki kwa sianidi. Nisage zaidi?

Ikiwa ni chembe zilizofunikwa, kusaga kutasaidia. Ikiwa ni atomu zilizojificha ndani ya fuwele ya arsenopairaiti, karasha (mashine ya kusaga) haitazifikia. Peleka sampuli maabara kabla hujaongeza gharama.

– Mwalimu, mbona sumaku inavuta pairaiti yangu?

Basi haiko peke yake. Tafuta yanayovutwa na sumaku: pirotaiti, au magnetaiti (madini ya chuma na oksijeni), ambayo miamba ya Geita inayo kwa wingi.