Kabla hujanunua simu mpya, itunze uliyonayo

Natengeneza simu Kariakoo, na kila wiki naletewa simu nzima ambayo mwenyewe ameshaikatia tamaa. Inaniuma, maana sehemu kubwa ya uharibifu wa mazingira hutokea kabla hata hujafungua boksi: kobalti, madini ya kutengenezea betri, inachimbwa kule Kolwezi, Kongo, inasafishwa China, na viwanda vinakula umeme mwingi wa makaa ya mawe. Ukiitumia miaka 5 badala ya 2, umepunguza haja ya kutengenezwa nyingine.

Ikigoma kuingiza chaji, anza na tundu. Zima simu, mulika kwa tochi, kisha chokoa taratibu kwa kijiti cha meno kikavu, si sindano. Mara nyingi utakuta vumbi la mfukoni limeshindiliwa ndani kama sufi. Likitoka, waya unaingia hadi mwisho na kukaza.

Chaji ikiisha haraka, badilisha betri tu. Betri ya lithiamu huanza kuchoka baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 500 hivi, na joto huiwahisha. Usiichaji chini ya mto, wala usiiache kwenye dashibodi juani. Ikivimba, zima simu, usiitoboe, ipeleke kwa fundi.

Kioo kikipasuka, uliza kwanza bei ya kukibadilisha kabla hujanunua simu nyingine.

Simu ikifa kabisa, tafadhali usiichome wala kuitupa jalalani. Moshi wake ni sumu, na bodi za simu za zamani zina madini ya risasi yanayoingia ardhini. Mpe fundi, tunatoa spika, kamera na mfumo wa chaji, tunafufua nyingine.