Kujenga tanuri la kiwanda Mwanza: matofali, mvua na moto wa kwanza

Gonganisha matofali mawili ya tanuri yaliyokauka vizuri, utasikia yanalia kama ile ringi ya gari tuliyoigonga shuleni kuita watoto mstarini. Lililolowa, au lenye ufa ndani, linatoa sauti nzito ya chungu kilichopasuka. Mjomba wangu alinifundisha hivyo mwaka 1997 kwenye kiwanda cha mafuta ya pamba, na mpaka leo mzigo ukishushwa Nyakato nakaa chini nagonga, tofali kwa tofali, hata dereva wa lori akinung'unika.

Kazi yangu ni kujenga na kukarabati matanuri: maboila, matanuri ya chokaa, ya kuyeyushia chuma chakavu, ya mikate. Nimezunguka nayo Mwanza, Magu, Sengerema na Bunda. Matofali mengi niliyoyabomoa hayakuharibiwa na moto wa kazi. Yaliharibika kabla, kwa maji na kwa haraka yetu, au yaliwekwa mahali ambapo majivu yake ni adui yao. Ndiyo maana naandika.

Kwanza majivu, ndipo nyuzi joto

Mteja anauliza, "Fundi, hili tofali linavumilia nyuzi ngapi?" Mimi namuuliza kwanza anachoma nini na kinaacha nini.

Kuna boila moja niliyoijenga vizuri kabisa, ilikuwa inachoma kuni. Ikafanya kazi miaka mitatu bila neno. Kiwanda kikahamia kwenye maganda ya mbegu za pamba, maana yalikuwa yamejaa uani na ni ya bure. Baada ya miezi minane nikaitwa. Nikachungulia na tochi: ukuta unang'aa kama bakuli la kauri, na juu ya mlango matofali yananing'inia matone kama mshumaa ulioyeyuka. Majivu ya maganda ya pamba yana potasiamu nyingi, na potasiamu inaushusha udongo wa tofali ukayeyuka kwenye joto ambalo peke yake ungelivumilia vizuri. Kilichobadilika ni kuni tu, moto ulikuwa uleule.

Hapo wengi wanakimbilia tofali lenye alumina (oksidi ya alumini) nyingi wakidhani ni dawa ya kila kitu. Si hivyo. Potasiamu ikipenya ndani ya tofali la alumina nyingi hujenga madini mapya yenye mwili mkubwa kuliko ya awali, na tofali linapasuka kutoka ndani, magamba kwa magamba. Kwa majivu ya aina hiyo nataka tofali zito lenye vitundu vichache: la udongo, alumina asilimia 40 hadi 45, uzito usiopungua gramu 2.2 kwa sentimita ya ujazo. Na namwambia mwenye kiwanda ajitahidi moto usipande kuliko unavyohitajika. Pumba za mpunga zina tabia nyingine. Sehemu kubwa ya majivu yake ni silika (madini ya mchanga), ambayo haili tofali haraka hivyo, lakini majivu yenyewe ni mengi, karibu moja ya tano ya uzito wa pumba, na yakipeperushwa na feni yanaukwangua ukuta kama msasa.

Chokaa ni kinyume chake: inaila silika. Kwenye sehemu ya moto mkali ya tanuri la chokaa, ambako mawe yanapita nyuzi 900 na zaidi, weka tofali la magnesia (oksidi ya magnesiamu) au la alumina ya asilimia 70 kwenda juu. Tofali la udongo la kawaida libaki juu, mawe yanakoingia na kupashwa moto tu. Wanaoyeyusha dhahabu wana boraksi, chumvi ya kusafishia dhahabu, nayo inayeyusha udongo kama sukari kwenye chai. Hapo jenga ukuta wa ndani wa kubadilisha kila mara, na wa nyuma uuache salama.

Sasa nyuzi. Tofali la udongo lenye alumina kati ya asilimia 30 na 40 mimi silipeleki zaidi ya 1,300. Kwa tanuri la chuma cha kusubu, ambacho humiminwa kati ya 1,300 na 1,400 hivi, nachukua alumina asilimia 60 au zaidi. Daima omba karatasi ya vipimo ya kiwanda kilichochoma tofali, maana rangi haisemi kitu. Nimeona matofali ya rangi ya maziwa yaliyokuwa dhaifu, na ya kahawia yaliyokaa miaka kumi.

Matofali mepesi ya kuzuia joto yana mtego wake. Yameandikwa 23, 26, 28. Namba hizo ni mamia ya nyuzi Fahrenheit: 23 ni 2,300 Fahrenheit, yaani 1,260 za Selsiasi tu. Kijana mmoja aliyasoma kama Selsiasi akayaweka usoni kwa moto wa chuma. Yalinywea na kulegea kama mkate uliolowa. Mahali pake ni nyuma ya tofali zito, au usoni kama hakuna majivu, hakuna ute wa chuma (takataka zinazoyeyuka nacho), na joto liko chini kidogo ya namba iliyoandikwa.

Na tafadhali, yale matofali ya kuchoma tunayojengea nyumba yabaki ganda la nje. Udongo wake una chuma na chumvi nyingi, hulegea mapema. Mawe yetu ya Mwanza nayo, tunayoyapenda kwa misingi, yasikaribie moto. Ndani yake kuna kwazi (quartz), ambayo kwenye nyuzi 573 hubadilika na kutanuka ghafla. Nimewahi kuokota kipande kilichoruka hatua sita kutoka kwenye tanuri la mikate la Igogo.

Kuhifadhi

Tofali la kawaida la milimita 230 kwa 114 kwa 65 lina uzito wa kilo 3 na nusu hivi, na karibu moja ya tano ya mwili wake ni vitundu. Likilowa kabisa linabeba karibu theluthi moja ya lita. Zidisha kwa matofali 1,000: zaidi ya lita 300, pipa zima na nusu, unaloingiza ndani ya ukuta kwa mikono yako mwenyewe.

Kwa hiyo usiyaweke uani chini ya turubai. Mvua za vuli na za masika huku kwetu zinakuja na upepo wa ziwa unaorusha maji ubavuni, na turubai linazuia jua kukausha kilicholowa. Weka ndani, juu ya paleti au mbao, mbali na ukuta kwa shubiri mbili ili hewa ipite. Magnesia ni ya kuogopa zaidi. Haihitaji hata mvua, unyevu wa hewa unatosha kuigeuza unga polepole. Usifungue plastiki yake mpaka siku ya kujenga. Mifuko ya udongo wa kujengea na zege la moto (linalovumilia joto kali) itumie kwa mpangilio wa kuingia, na mfuko wenye mabonge magumu ndani usiusage ukatumia. Umekufa huo.

Kushusha: mkono kwa mkono. Tofali lililotupwa linapata ufa usioonekana, na moto unauona.

Kujenga

Kabla ya udongo, panga mistari mitatu mikavu. Hapo utajua matofali hayalingani unene, maana hayalingani kamwe. Yatenge makundi kwa kipimo, kila mstari ujengwe na kundi moja. Nusu siku hii inaokoa wiki nzima ya kuhangaika na pima maji.

Udongo uwe wa aina moja na tofali, na mwembamba. Mwashi aliyezoea nyumba anataka sentimita nzima ya mota. Kwenye tanuri kiungio ni milimita 1 hadi 2, tatu zikizidi sana. Kiungio ndicho kinachoanza kuliwa. Koroga uwe kama uji wa ulezi, chovya au paka, sugua tofali mpaka mahali pake, gonga kwa nyundo ya mpira. Usichanganye sementi ya kawaida hata kijiko kimoja. Joto linaivunja nguvu, na tanuri likipoa, unyevu unarudi ndani ya mabaki yake na kuyavimbisha.

Acha nafasi ya kutanuka. Tofali la udongo likifika nyuzi 1,000 linaongezeka milimita 5 hadi 6 kwa kila mita. Ukuta wa mita 4 unadai milimita 24. Mimi naigawa mara mbili, milimita 12 na 12, na kujaza blanketi la sufi ya kauri. Asiyeacha nafasi ataona ukuta unavimba tumbo ndani ya wiki ya kwanza.

Tao ndiyo sehemu ninayoipenda. Fomu ya mbao iwe imara kiasi cha mtu mzima kusimama juu yake. Anza pande zote mbili kwa wakati mmoja ukikutana katikati, mstari mmoja huku, mmoja kule, usielemee upande. Tofali la kufunga liingie kwa kugongwa juu ya kipande cha mbao. Likiingia kwa kidole limelegea, likihitaji nyundo kubwa utapasua jirani zake. Ukilazimika kulipunguza, likate kwa grainda yenye maji. Usilichonge kwa patasi, na usiliache jembamba kuliko theluthi mbili za unene wake. Nguzo za chuma za pembeni na fimbo za kuzifunga ziwepo kabla ya kuondoa fomu. Tao likipata moto linainuka na kusukuma pembeni, basi kuwe na mtu wa kulegeza nati kidogo kidogo wakati wa moto wa kwanza.

Moto wa kwanza

Mwaka fulani nilimaliza boila mwezi wa Mei. Matofali yalikaa masika yote nje, na mimi niliyapokea hivyohivyo, nikijiambia yatakaukia ukutani. Msimu wa pamba ulikuwa umeshafunguliwa. Mwenye kiwanda akaja jioni.

"Fundi, washa leo."

"Mzee, bado yana maji. Nipe siku tano."

"Malori yamepanga foleni mpaka barabarani. Washa."

Nikawasha. Saa nane usiku tukasikia mlio kama bisi kwenye sufuria, kisha mshindo. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke inataka nafasi ya lita 1,700, na ukuta hauna nafasi hiyo. Asubuhi nyuso za matofali zilikuwa zimelala sakafuni, unene wa vidole viwili. Kiwanda kilisimama siku kumi na tisa badala ya tano. Kosa ni langu. Mwenye mali anajua pamba, mimi ndiye niliyetakiwa kujua maji, na nilitakiwa kukataa.

Tangu hapo nafanya hivi. Siku mbili za kwanza sitii moto: milango wazi, dampa (kilango cha kudhibiti hewa) ya bomba la moshi wazi, hewa ipite. Kisha moto mdogo wa kuni, themokapo (waya wa kupimia joto kali) ikiwa usoni mwa tofali, napanda nyuzi 20 kwa saa mpaka 120. Maji huku kwetu, zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, yanachemka kwenye 96 hivi, lakini hiyo ni usoni tu, nyuma ya ukuta bado kuna baridi. Kwa ukuta wa milimita 230 nashikilia saa 24. Kujua kama maji yamekwisha, shika kipande cha kioo baridi kwenye tundu la kutolea mvuke la ganda la nje, siyo la moshi, maana kuni zenyewe zinatoa mvuke. Kikipata ukungu, bado. Baada ya hapo nyuzi 25 kwa saa mpaka 300, napumzika saa sita. Naendelea na 25 hizohizo mpaka 600, kwa sababu udongo wa viungio haujawahi kuchomwa, na maji yaliyofungwa ndani ya chembe zake hutoka kati ya 450 na 600. Kutoka hapo 50 kwa saa mpaka joto la kazi. Ni siku tano kwa jumla, na mtu akeshe na daftari.

Kulitunza

Kupoza ni polepole vilevile. Zima, funga milango na dampa, acha. Usimwage maji, usifungue mlango ili uwahi kuingia. Siingii ndani kabla halijashuka chini ya nyuzi 40 na kabla hewa haijapita, na hakuna anayeingia bila mwenzake mlangoni.

Nyufa nyembamba utakazoziona tanuri likiwa baridi ziache. Zinajifunga likipata moto. Ukizijaza udongo, tofali linakosa pa kwenda na linajivunja lenyewe. Ufa unaoingiza kidole kidogo ujaze sufi ya kauri. Majivu yaliyoganda ukutani yabandue yakiwa ya vuguvugu kwa mkono mwepesi, ukipiga kwa nguvu yanaondoka na uso wa tofali. Nje pitisha kipimajoto kila wiki. Rangi ya bati la ganda la nje ikianza kuchubuka sehemu moja, nyuma yake tofali limekwisha.

Sasa vumbi. Wakati wa kubomoa nyunyiza maji, kata kwa grainda yenye maji, na vaa barakoa ya kuchuja vumbi, siyo kitambaa. Mjomba alibomoa matanuri miaka thelathini na kitambaa mdomoni. Mwishoni alikuwa hawezi kupanda ngazi ya nyumba yake pale Mabatini bila kupumzika mara mbili, na picha ya eksirei ilionyesha mapafu yenye makovu ya vumbi la silika. Makovu hayo hayana dawa. Kijana anayefanya kazi kwangu bila barakoa namrudisha nyumbani siku hiyo.

Kila mwisho wa msimu naingia na waya wa kupimia, nagusa sehemu tano zilezile na kuandika unene uliobaki. Ukuta ulioanza na milimita 230 ukisoma 120, naagiza matofali siku hiyohiyo na kuongeza kumi kwa kila mia kwa ajili ya yatakayovunjika, maana mzigo kutoka Dar unaweza kuchukua wiki kadhaa, na yakifika lazima yapate mwezi mzima juu ya paleti, ndani, kabla sijayagusa na mwiko.